Kuhamisha msimbo kutoka Python 2 kwenda Python 3: ogopa kosa linalonyamaza

Hebu tuanze na swali la shule ya msingi. 7 gawanya kwa 2 ni ngapi?

Kama umejibu 3.5, uko sahihi. Kama umejibu 3 inabaki 1, uko sahihi pia, inategemea mwalimu aliuliza akiwa na maana gani. Sasa nenda kwenye kompyuta yenye Python 2, andika 7 / 2, itakujibu 3. Nenda kwenye kompyuta yenye Python 3, andika hivyohivyo, itakujibu 3.5. Alama ni ileile na namba ni zilezile, ila majibu ni mawili. Na hakuna hata moja kati ya kompyuta hizo itakayokuambia kwamba kuna kitu kimebadilika.

Mimi jambo hili nililijua kwa kuchelewa. Nilipoanza shahada ya uzamili nilirithi skripti ya kuchambua takwimu za mvua kutoka kwa mwanafunzi aliyenitangulia. Ilikuwa ya Python 2. Laptopu yangu ilikuwa na Python 3 tu. Nikasema, aah, hii ni kazi ya jioni moja. Na kweli, jioni ileile skripti ilikubali: ikasoma faili, ikachora grafu, haikulalamika popote. Nikalala vizuri. Wiki mbili baadaye nikaweka grafu yangu kando ya grafu ya mwenzangu, mvua ileile ya kituo kilekile, na hazikufanana.

Makala hii inahusu kilichotokea hapo katikati. Kama unasoma sayansi yoyote, ipo siku utakabidhiwa msimbo wa mtu mwingine ulioandikwa kwa toleo la zamani la lugha. Ikifika siku hiyo, nataka uwe unajua kitu cha kuogopa na kitu cha kutoogopa.

Kwanza, kwa nini lugha ilibadilika?

Python ilianzishwa na Guido van Rossum huko Uholanzi mwishoni mwa 1989, na ikatolewa kwa umma 1991. Python 2 ilitoka Oktoba 2000. Kadiri miaka ilivyokwenda, watunzaji wake waliona kuna maamuzi ya zamani yaliyokuwa yanawasumbua watumiaji, na hayakuweza kurekebishwa bila kuvunja programu zilizokwishaandikwa. Wakakusanya marekebisho hayo wakayatoa kwa mkupuo mmoja: Python 3.0, tarehe 3 Desemba 2008. Walivunja kwa makusudi, na walisema wazi kwamba msimbo wa zamani hautaendeshwa moja kwa moja kwenye toleo jipya.

Sababu kubwa ilikuwa maandishi. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba zinazoitwa baiti. Python 2 ilichukulia maandishi ya kawaida kuwa mfululizo wa baiti tu. Kwa Kiingereza hilo halikuleta shida, maana kila herufi ya A hadi Z ni baiti moja. Hata Kiswahili chetu mara nyingi kilipita salama. Mpaka ukutane na ng’ombe.

Ukiandika ng’ombe kwenye programu ya kuandikia nyaraka, ile alama ya ritifaa mara nyingi inageuzwa kuwa ya kupinda, na alama hiyo kwenye mfumo wa UTF-8 inachukua baiti 3. Soma neno hilo kutoka kwenye faili kwa Python 2, uliza lina urefu gani, utajibiwa 9. Hesabu mwenyewe kwa kidole: n, g, ritifaa, o, m, b, e. Ni 7. Python 3 inajibu 7, kwa sababu imetenganisha vitu viwili: maandishi ni maandishi, baiti ni baiti, na huwezi kuvichanganya bila kusema unatafsiri kwa mfumo gani. Kwa mtu anayeshughulika na Kichina, Kiamhari, au Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mabadiliko haya yalikuwa ukombozi. Kwa mwenye programu yenye mistari laki moja iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani, yalikuwa balaa.

Makosa yanayopiga kelele

Unapohamisha msimbo utakutana na makosa ya aina mbili. Ya kwanza ni yale yanayopiga kelele. Mfano maarufu ni huu:

print "Habari"

Python 2 inakubali. Python 3 inagoma hapohapo, inakuandikia SyntaxError, kwa sababu print imekuwa fanksheni na inataka mabano: print("Habari"). Vilevile xrange haipo tena, sasa ni range. Ukiandika except ValueError, e matoleo mengi ya Python 3 yatakataa. Inataka except ValueError as e.

Makosa haya yanakera, hasa yakiwa 200 kwenye faili moja, lakini nakuomba usiyachukie. Programu inayogoma haijakudhuru. Imekuonyesha mstari, imekuambia tatizo ni nini, na haijakupa jibu lolote la uongo. Unarekebisha, unaendelea.

Tena kuna mahali ambapo Python 3 imechukua kosa la kimya ikalifanya la kelele, na hapo inastahili shukrani. Tuseme kituo cha hali ya hewa hakikurekodi mvua siku fulani, na kwenye orodha yako siku hiyo imeandikwa None, yaani hakuna kitu. Ukiiomba Python 2 itafute kiwango cha chini kabisa katika orodha ile, inakujibu None bila wasiwasi, kwa sababu kwake None ilikuwa ndogo kuliko namba yoyote. Python 3 inakataa kabisa kulinganisha namba na kitu kisichokuwepo, inasimama. Na wewe unalazimika kufikiri: siku isiyo na rekodi nifanye nayo nini? Hilo ni swali la kisayansi, na lilikuwa linakuhitaji tangu mwanzo.

Makosa yanayonyamaza

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Rudi sasa kwenye skripti yangu ya mvua. Ndani yake kulikuwa na mistari hii miwili, mbalimbali na mwenzake:

wiki = siku / 7

wastani = jumla / idadi

Mstari wa kwanza ulikuwa unapanga siku za mwaka katika wiki. Siku ya 0 hadi ya 6 ziingie wiki ya 0, siku ya 7 hadi ya 13 wiki ya 1, na kuendelea. Hapo mwandishi alitaka kinachobaki kitupwe: 17 gawanya kwa 7 iwe 2, basi. Kwenye Python 2 ilikuwa hivyo, na siku 365 zilipangwa kwenye makapu 53, la mwisho likiwa na siku moja. Kwenye Python 3, 17 / 7 inakuwa 2.428 na mkia wake mrefu. Kila siku ikapata namba yake ya desimali isiyofanana na nyingine, kwa hiyo kila siku ikapata kapu lake peke yake. Makapu 365! Skripti ilipotafuta “wiki yenye mvua nyingi zaidi” ikanipa mvua ya siku moja tu. Grafu ikachorwa, ina rangi nzuri, ina kichwa cha habari. Uongo mtupu.

Sasa usiharakishe kusema Python 3 ndiyo mbaya. Tazama mstari wa pili. Wastani wa mvua kwa siku ni jumla ya milimita gawanya kwa idadi ya siku. Faili letu lilikuwa na mvua kwa milimita kamili, bila desimali, kwa hiyo kwenye Python 2 mgawanyo huo ulikuwa namba kamili kwa namba kamili, na kinachobaki kilitupwa. Siku 4 zenye mvua ya 12, 0, 7 na 3 zina jumla ya 22. Wastani ni 5.5. Python 2 ilisema 5. Wastani wote wa mwenzangu ulikuwa umeshushwa, kila mwezi, na hakuna aliyeshangaa kwa nini jedwali zima lina namba nzima tu. Kwa mwezi wa siku 30, mtu akichukua wastani huo akauzidisha tena kwa 30 kupata mvua ya mwezi, anaweza kupoteza hadi milimita 29. Kwa mkulima wa mahindi anayehesabu mvua za kupandia, milimita 29 si mchezo.

Umeona jambo lenyewe? Kwenye Python 2 mstari wa kwanza ulikuwa sahihi na wa pili umekosea. Kwenye Python 3 wa kwanza umekosea na wa pili ni sahihi. Hakuna toleo hata moja ambalo skripti ile ilitoa majibu yote ya kweli. Kuhama hakukuleta kosa peke yake, kulifichua na lile lililokuwa limekaa ndani kimya kwa miaka.

Kuna wengine wa ukoo huohuo. Kwenye Python 2, round(2.5) inatoa 3.0. Kwenye Python 3 inatoa 2, kwa sababu namba iliyo katikati kabisa sasa inakadiriwa kwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, ili makadirio mengi yasielemee upande wa juu. Na map, ambayo zamani ilikupa orodha kamili, sasa inakupa vitu vyake mara moja tu: ukishajumlisha vyote, ukijumlisha tena unapata 0. Huoni kosa lolote, unaona sifuri imetulia kana kwamba mvua haikunyesha.

Na usidhani haya yanawapata wanafunzi tu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walichapisha katika jarida la Organic Letters kwamba skripti za Python zilizokuwa zikitumiwa na wanakemia wengi tangu 2014 zilikuwa zinatoa majibu tofauti kutegemea mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Pale tatizo halikuwa toleo la lugha. Skripti ilitegemea mafaili yasomwe kwa mpangilio fulani, na mpangilio huo haukuwa sawa kila mahali. Lakini tabia ni ileile: programu inakubali, jibu linatoka, hakuna kelele.

Si kuna programu ya kutafsiri?

Ipo. Pamoja na Python 3 ilikuja zana iitwayo 2to3, inayosoma msimbo wa zamani na kuandika mpya. Inaweka mabano kwenye print, inageuza xrange, inarekebisha except, hata map inaizungushia list ili irudi kuwa orodha. Kazi ya siku tatu inaifanya kwa sekunde.

Lakini ile alama ya / inaiacha kama ilivyo, na haina jinsi. Angalia tena mistari yangu miwili. Kwa macho ya kompyuta inafanana: kitu gawanya kwa kitu. Ni nani atakayejua kwamba mmoja unataka kinachobaki kitupwe na mwingine unakihitaji? Ni mtu anayejua wiki ni nini na wastani ni nini. Lugha yenyewe ilishaweka njia ya kusema unachotaka: tangu Python 2.2 ya mwaka 2001 kuna alama ya // inayotupa kinachobaki, na matoleo yote mawili yanaielewa. Ila ni lazima mtu aiweke, mstari kwa mstari, akijua kwa nini.

Hapo ndipo nilipompigia simu aliyenitangulia. Nikamwambia, “Kaka, samahani kwa usumbufu. Kwenye skripti yako, hapa kwenye siku gawanya saba, ulitaka namba ya wiki?” Akacheka. “Ndiyo, dogo, ni wiki. Kwani imefanyaje?” Nikamsomea na mstari wa wastani. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, “Dah. Ule wa wastani ni wangu kabisa. Hebu nitumie hizo namba.”

Kwa nini dunia nzima ilichelewa hivyo

Fikiria sasa jambo hili si kwa skripti ya mistari 300, bali kwa programu huria zote za Python. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha, na nyingi zinatunzwa na watu wa kujitolea, jioni baada ya kazi zao. Zinategemeana kama matofali ya ukuta. Mtu wa takwimu hawezi kuhama kabla maktaba ya hesabu anayoitumia haijahama. NumPy, maktaba ya hesabu inayobeba sehemu kubwa ya sayansi ya Python, ilianza kukubali Python 3 mwaka 2010. Django, ya kujengea tovuti, ilianza kwa majaribio mwaka 2013. Wakati huo wote walio juu yao walikuwa wanasubiri.

Ikabidi watu waishi na matoleo mawili kwa pamoja. Ikatokea maktaba iliyoitwa six, kwa sababu 2 mara 3 ni 6, ya kumsaidia mwandishi kuwa na msimbo mmoja unaokubali pande zote mbili. Watunza lugha nao wakalegeza: kwenye Python 3.3 ya mwaka 2012 walirudisha ile u'' ya kuandikia maandishi waliyokuwa wameiondoa, ili kuhama kuwe rahisi. Python 2.7 ilipangwa kuachwa mwaka 2015. Mwaka 2014 wakaongeza muda hadi 2020. Mwaka 2019 NumPy 1.17 ikatoka bila Python 2 kabisa, na Aprili 2020 ikatolewa 2.7.18, ya mwisho. Tangu 2008, ni zaidi ya miaka 11.

Wengi waliwalaumu wahamishaji kwa uvivu. Mimi baada ya mistari yangu 300 siwezi. Kila alama ya / katika programu ya miaka 10 ni swali kwa mtu ambaye pengine hayupo tena kwenye mradi, na hana simu ya kupigiwa.

Ukikabidhiwa msimbo wa zamani, fanya hivi

Kwanza, usiguse kitu. Weka msimbo kwenye Git kama ulivyo, ili uweze kurudi nyuma wakati wowote.

Pili, uendeshe kwenye toleo lake la zamani, hata kama ni kwa kutafuta mashine ya pembeni yenye Python 2.7, na uhifadhi majibu yote: namba na majedwali, siyo grafu tu. Hiki ndicho kipimo chako. Mimi hatua hii niliiruka, ndiyo maana nilipoteza wiki mbili.

Tatu, tengeneza data ndogo ambayo jibu lake unaweza kulipata kwa karatasi na kalamu. Siku 14 za mvua zinatosha. Kipimo cha pili kinakuambia jibu la zamani kama ni sawa na la mpya; hiki kinakuambia kama lolote kati yao ni la kweli. Ni vitu viwili tofauti.

Nne, kabla ya kuhama, ifanye Python 2 iwe kali. Iendeshe na chaguo la -3, itakuonya kuhusu vitu vitakavyovunjika. Kisha weka juu ya faili from __future__ import division, uone namba zipi zinasogea ukiwa bado kwenye toleo la zamani. Kinachosogea kina jambo.

Tano, sasa tumia 2to3, halafu soma kila badiliko ililofanya. Angalizo: zana hii imeondolewa kwenye Python 3.13 ya mwaka 2024, kwa hiyo utahitaji toleo lililotangulia.

Sita, tafuta kila /, kila round na kila mahali palipo na maandishi kutoka kwenye faili. Kwa kila mgawanyo jiulize: hapa kinachobaki kinatakiwa au hakitakiwi? Kisha andika / au // kwa kujua.

Saba, linganisha. Namba zikifanana, vizuri. Zisipofanana, usiseme “mpya ndiyo sahihi” wala “ya zamani ndiyo tuliyoizoea”. Rudi kwenye karatasi yako ya siku 14, ndiyo yenye kauli.

Na kama msimbo ni wa mradi huria, warudishie marekebisho yako pamoja na vipimo ulivyotengeneza. Atakayekuja baada yako atashukuru hivyo vipimo kuliko hata marekebisho yenyewe.

Usifikiri pia kwamba yamekwisha. Python 3.12 ya mwaka 2023 iliondoa distutils, zana ya kufungashia programu ambayo miradi mingi ya zamani ilikuwa inaitegemea, na baadhi ya skripti zilizokuwa zimeshahama salama zikagoma tena. Lugha inayotumika hubadilika, kama Kiswahili chenyewe.

Mimi niliishia kumpelekea msimamizi wangu majedwali matatu: la zamani, la kwangu lililokosea, na lililorekebishwa. Nilikwenda nikiwa na hofu. Akayatazama, akaniuliza swali moja: “Hili la tatu unalijuaje kwamba ni sahihi?” Nikamtolea karatasi ya siku 14, niliyoipiga kwa kalamu. Akaihesabu mwenyewe mpaka mwisho, ndipo akasaini. Karatasi hiyo sasa ni kiambatisho katika tasnifu yangu, na kaka yule ameshasahihisha jedwali lake.

Leo ukiwa na dakika 10, fungua skripti yoyote unayoitegemea, tafuta alama ya /, uiulize unachotaka itupe.